Bora Tupande Yetu: Historia Fupi ya Tunda la Nyumbani Kampala

Kwenye vikao vya vijana ninavyoviongoza hapa Kampala, kuna swali halikosi: eti matunda ya sokoni yamepakwa nini? Mmoja anaogopa pome zinazong'aa za supamaketi. Mwingine anasema mama yake hataki tena nyanya zenye unga mweupe. Wakishabishana sana wanafika mahali pamoja: bora tupande yetu. Nimetafuta historia ya neno hilo, kwa sababu si sisi tuliolisema kwanza katika mji huu.

Tuanze na pome, yaani tufaha. Likiwa mtini lina nta yake lenyewe. Likivunwa na kuoshwa, nta hiyo inapungua, basi wauzaji wanalipaka nyingine lisinyauke njiani. Mara nyingi ni karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya michikichi, au shelaki, inayotolewa na wadudu wadogo wa Asia. Biashara hii ni ya zamani. Marekani, kampuni ya Brogdex ilikuwa inatia boraksi kwenye ganda la chungwa lisioze, ikadai kwamba chungwa hilo ni kitu kipya ilichokibuni. Kesi ikafika Mahakama ya Juu. Mwaka 1931 majaji wakakataa: chungwa hata likitiwa dawa bado ni chungwa.

Mwaka 2012 ikaanzishwa kampuni ya Apeel, inayotengeneza ngozi nyembamba ya mafuta ya mimea ili tunda likae siku nyingi. Mwaka 2023 habari zikazagaa kwenye simu kwamba ni sumu. Kumbe watu walichanganya na dawa ya kusafishia ya Uingereza yenye jina hilohilo.

Kwa hiyo pome inayong'aa isitunyime usingizi. Tena, nani kati yetu wa Katwe au Nsambya anakula pome kila siku? Tunachokula kila siku ni nyanya, na nyanya nayo ni tunda.

Ule unga mweupe kwenye nyanya mara nyingi ni mankozebu, dawa ya ukungu iliyoingia sokoni duniani miaka ya 1960. Mvua ikizidi, ukungu unaweza kumaliza shamba lote la nyanya, ndiyo maana mkulima anapiga dawa. Shida ni muda. Dawa ikishapigwa, inatakiwa kungoja siku kadhaa kabla ya kuvuna. Watafiti waliokwenda kwa wakulima wa nyanya wa Uganda walikuta wengine wanapiga dawa karibu kabisa na siku ya kuuza, ili nyanya zikae bila kuoza. Umoja wa Ulaya uliamua mwishoni mwa 2020 kuiondoa mankozebu mashambani kwake. Kwetu bado inauzwa. Jambo jema ni kwamba inakaa zaidi juu ya ganda: ukiosha vizuri na kumenya, sehemu kubwa inaondoka.

Sasa, kupanda. Wenyeji wa Buganda tangu zamani walikuwa na lusuku, shamba la ndizi linaloizunguka nyumba. Wakoloni walipopanga mji, walitaka kilimo kikae kijijini na mjini yabaki majumba na ofisi. Mipango hiyo ilivunjwa na njaa. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 watoke nchini. Maduka yakabadilisha mikono, sukari na chumvi zikaadimika, mshahara ukawa haununui kitu. Watu wa Kampala wakashika majembe, wakalima nyuma ya nyumba, kando ya barabara, hata mabondeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikuta karibu theluthi moja ya nyumba za Kampala zinalima. Serikali ya mji ilikuja kukubali baadaye sana: sheria ndogo ya kilimo cha mjini ilitoka mwaka 2006.

Hao walipanda kwa sababu ya uhaba. Sisi tunataka kupanda kwa sababu ya wasiwasi. Lakini wengi wao walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna, yaani uhakika wa kubaki.

Hapo historia ya ardhi inaingia. Mkataba wa 1900 uligawa ardhi ya Buganda kwa maili, ikawa na wenyewe. Waliokuwa wanaishi juu yake wakawa wapangaji wa kibanja, na sheria ya 1928 ikawalinda wasifukuzwe ovyo. Tangu hapo mti wa kudumu ni kama shahidi. Ukiwa na miembe na migomba yako, unaweza kusema: nimekaa hapa. Ndiyo maana mwenye nyumba anakuruhusu gunia la sukuma wiki, lakini ukitaja mparachichi anakuna kichwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa, "Kijana, panda kitu utakachohama nacho."

Basi hesabu ni hii. Nyanya inataka kama miezi mitatu. Papai linataka karibu mwaka. Mwembe wa mbegu unataka miaka. Tunda unaloweza kula bila wasiwasi linapimwa na muda ulioruhusiwa kukaa. Mwenzetu wa Nakivale au Rwamwanja anapewa kipande cha ardhi. Sisi tuliochagua mji tunalipa muzigo, chumba kimoja, mwezi kwa mwezi.

Na tusijidanganye kwamba cha nyumbani ni safi kwa sababu ni chetu. Kwenye mabonde yanayopokea maji machafu ya mji, kama Nakivubo, vipimo vimekuta madini ya risasi ndani ya mimea. Udongo mzuri kwenye gunia unashinda bonde zuri kwa macho.

Ndugu zangu wa mashirika, mnapoleta mbegu tunashukuru. Ila kabla ya kugawa, mkae na mwenye nyumba, mwandikiane hata karatasi moja: huyu ataachwa mpaka avune. Nanyi vijana wenzangu, anzeni na nyanya kwenye gunia. Za sokoni tuzioshe, tuzimenye, tule.