Picha ya mgongo haipimi maumivu

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, maumivu ya kiuno ni ugonjwa wa kazi. Hamali anayesukuma mkokoteni kuelekea Gikomba, fundi wa jua kali anayefua mabati kutwa akiwa ameinama pale Kamukunji, dereva wa matatu katika Barabara ya Jogoo na mama anayepandisha mtungi wa lita 20 hadi orofa ya juu mtaani Pipeline mifereji inapokauka, wote aghalabu hushika mahali pamoja wanapolalamika. Na wafikapo kwa daktari, wengi hutaka kwanza wapigwe picha.

Kiuno kina pingili tano, na kati ya pingili na nyingine mna diski, yaani kijaladi kigumu chenye kiini laini. Kiini hicho kikisukumwa nje chaweza kubana mshipa wa fahamu, na maumivu yakateremka hadi mguuni. Eksirei, ambayo miale yake iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka wa 1895, huonyesha mifupa lakini haionyeshi diski. Mashine ya MRI, inayotumia nguvu za sumaku, huonyesha diski na mishipa pia, ila gharama yake ni kubwa mno kwa kibarua.

Tatizo ni kwamba MRI huonyesha mengi kupita kiasi. Mnamo 2015 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 33 zilizohusu watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 50 ilikuwa asilimia 80, na kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Diski zilizofura zilionekana kwa asilimia 60 ya watu wa miaka 50, nao walikuwa wakitembea bila shida. Hizo ni kama mvi, tofauti ni kuwa zimo ndani.

Kwa hivyo mkazi wa Dandora mwenye miaka 50 akipigwa picha, yamkini itaonyesha kasoro, iwe ndiyo inayomuumiza au siyo. Ripoti huandikwa kwa maneno ya kutisha, jamaa huitisha mchango, na upasuaji huanza kuzungumziwa kabla ya mguu wa mgonjwa kupimwa nguvu.

Hata hivyo, zipo dalili ambazo hazifai kusubiri. Anayeshindwa kudhibiti mkojo au choo, anayepata ganzi sehemu za siri, au ambaye miguu inalegea, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Vilevile aliyewahi kuugua saratani au aliyeanguka vibaya ana sababu ya kupigwa picha. Homa, jasho la usiku na kukonda huenda zikaashiria kifua kikuu cha mgongo, maradhi yanayokula pingili. Katika mitaa yenye msongamano hilo si jambo la kupuuzwa, hasa kwa kuwa kikigunduliwa mapema hutibiwa kwa dawa, mara nyingi bila kisu.

Picha hufaa pia pale tiba ya tundu dogo inapopangwa. Daktari hufuata sindano kwa eksirei hadi karibu na mshipa uliobanwa, akaweka dawa ya kutuliza uvimbe. Au huondoa kipande cha diski kupitia mkato mfupi, na mgonjwa akarejea nyumbani mapema. Matokeo huwa mazuri zaidi pale kasoro ya pichani inapolingana na upande na njia ya maumivu ya mguu. Kwa maumivu ya kiuno pekee, faida huwa haba.

Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka wa 2007 ulifuatilia wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa majuma 6 hadi 12. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu upesi. Lakini baada ya mwaka mmoja, asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona, ingawa asilimia 39 ya walioambiwa wasubiri waliishia kupasuliwa. Diski nyingi zilizochomoza hunywea zenyewe. Kibarua anayelipwa kwa siku ana haki ya kuuliza kama anaweza kumudu kungoja. Hilo haliamuliwi na picha.

Funzo jingine lilitokana na saruji maalumu inayodungwa katika pingili zilizovunjika. Pichani ilipendeza. Mwaka wa 2009 majaribio mawili yaliilinganisha na utaratibu wa kuigiza, ambapo saruji haikuwekwa, na tofauti ya maana haikuonekana.

Katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mazoezi, elimu kwa mgonjwa na baadhi ya tiba za viungo, likashauri mishipi ya kiuno isitumiwe kama desturi. Kulala kitandani kutwa hudhoofisha misuli.

Anayeshauriwa kupigwa picha na amwulize daktari: matokeo yake yatabadilisha tiba gani? Na aliye na picha ya zamani aende nayo, kwa maana kulinganisha mbili huenda kukamwondolea gharama ya tatu.