Historia fupi ya kuingia Linux bila neno la siri

Leo tuzungumzie lile neno dogo linalokungoja kwenye skrini nyeusi ya Linux: login. Wengi huliona kero, lakini lina historia.

Miaka ya 1960 tarakilishi moja ilitumiwa na watu wengi. Kule MIT, Marekani, mfumo wa CTSS, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1961, ulikuja kumpa kila mtumiaji neno lake la siri ili faili za huyu zisiguswe na yule. Unix, iliyoanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie huko Bell Labs mwaka 1969, ilifuata njia hiyo hiyo. Watu waliandika kwa teletype, mashine kama taipureta iliyounganishwa kwa waya. Ndiyo maana hadi leo skrini ya kwanza ya Linux huitwa tty1.

Kazi iligawanywa hivi: init huamsha getty, getty humngoja mtu na kumuuliza jina, kisha humkabidhi kwa login. Hiyo huuliza neno la siri, na ikiridhika humfungulia shell. Mtu akitoka, init huamsha getty nyingine.

Linux ilipozaliwa mwaka 1991, mpango huo uliendelea, ingawa sasa tarakilishi ilikuwa ya mtu mmoja mezani kwake. Basi wengine wakauliza: ikiwa mwenyeji ni mimi peke yangu, nibishe hodi ya nini? Jibu likaja kupitia mingetty, ambayo ni getty ndogo. Katika /etc/inittab uliandika hivi:

1:2345:respawn:/sbin/mingetty --autologin juma tty1

Kisha init yenyewe ikabadilishwa. Ubuntu 6.10 ya mwaka 2006 ilileta Upstart. Mwaka 2010 ikatangazwa systemd, na kufikia 2015 Debian na Ubuntu zilikuwa zimehamia huko. Maelekezo ya inittab hayakufaa tena. Siku hizi unaandika sudo systemctl edit getty@tty1, kisha:

[Service]
ExecStart=
ExecStart=-/sbin/agetty --autologin juma --noclear %I $TERM

Ile ExecStart tupu hufuta amri ya awali. Ukiiacha, systemd itaona amri mbili na kukataa.

Je, yafaa? Kwetu umeme hupotea na kurudi usiku wa manane. Tarakilishi inayoonyesha bei dukani ni heri iamke na kuendelea na kazi bila kumngoja mtu. Lakini kumbuka: yeyote atakayefikia kibodi ndiye Juma. Kwa hiyo Juma asiwe na ruhusa ya sudo, wala asitunze faili za siri. Anayeingia kwa ssh bado ataulizwa, kwa kuwa getty haihusiki huko.

Mlango wa CTSS uliwekwa kwa sababu watu walikuwa wengi. Kabla ya kuuondoa wako, hesabu kwanza wanaopita karibu na meza yako.

Haya, hadi wakati mwingine.