Unene wa Shilingi

Husemwa mara nyingi ya kuwa James Watt ndiye aliyezaa zama za mvuke. Wasemao hivyo humsahau fundi aliyekereza tundu la silinda. Fikira ya kuupoza mvuke katika chombo cha pembeni ilimjia Watt mwaka 1765, na haki ya uvumbuzi wake akaipata mwaka 1769. Walakini miaka ilipita na mtambo wake ungali ukivuja.

Kosa halikuwa katika fikira yake. Katika mitambo ya Newcomen, iliyotangulia, maji yalimwagwa juu ya pistoni ili kuziba nafasi baina yake na ukuta wa silinda. Watt hakuweza kuifuata hila hiyo, kwa kuwa maji yangeupoza ukuta aliotaka ukae moto daima. Basi tundu lenyewe lilipasa kuwa mviringo sawasawa, toka mwanzo hata mwisho. Mashine za siku hizo zilikuwa na mtaimbo ulioshikwa upande mmoja tu. Kichwa chenye visu kililala kwa uzito wake ndani ya silinda, kikaufuata kila upotovu ulioachwa na kalibu.

John Wilkinson, mwenye viwanda vya chuma huko Uingereza, alikuwa amekwisha kupata, mwaka 1774, haki ya njia yake ya kutoboa mizinga. Mwaka uliofuata akaunda mashine nyingine kwa ajili ya silinda. Mtaimbo mnene ulipita ndani ya silinda na kushikwa ncha zote mbili. Silinda ikafungwa imara, mtaimbo ukazunguka, na visu vikasogea taratibu vikila chuma. Jambo dogo, mtu atasema. Lakini tangu hapo visu vilikwenda njia yao vyenyewe, bila kupotoshwa na ukuta.

Mwaka 1776 Matthew Boulton, mshirika wa Watt, aliisifu silinda ya Tipton, yenye upana wa inchi 50, kwamba kosa lake halikufikia unene wa shilingi ya zamani. Fundi wa leo angekicheka kipimo hicho. Watt alikuwa amekingoja miaka kumi na zaidi.

Kwa muda wa miaka ishirini hivi karibu silinda zao zote zilitoka kwa Wilkinson. Kisha ikabainika ya kuwa naye alikuwa akiunda mitambo ya namna yao kwa siri, pasipo kuwalipa haki yao. Boulton na Watt wakajenga kiwanda chao cha kusubu chuma, Soho, karibu na Birmingham, kikafunguliwa mwaka 1796. Na humo wakaanza kukereza silinda zao wenyewe.