Sumu Ndani ya Betri

Gari la umeme husifiwa kwa sababu halitoi moshi barabarani. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haijakamilika. Historia ya betri zake yaonyesha kwamba mafundi, kila walipotafuta nguvu zaidi, waliamua pia sumu gani itumike, na nani aibebe.

Katika mwaka wa 1859 Gaston Planté wa Ufaransa aliunda betri ya risasi na tindikali, ya kwanza iliyoweza kujazwa umeme tena. Hiyo iliendesha magari mengi ya umeme ya mwanzo. Lakini risasi, hata ikiwa kidogo mwilini, huharibu ubongo wa mtoto. Mwaka wa 1899 Waldemar Jungner wa Sweden alitengeneza betri ya nikeli na kadimiamu, iliyokuja kutumika katika magari ya umeme ya Ufaransa katika miaka ya 1990. Fundi aliiepuka risasi, akapokea kadimiamu, ambayo hudhuru figo na mifupa.

Mwaka wa 1980, huko Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba oksidi ya kobalti yaweza kuhifadhi lithiamu. Betri ikawa nyepesi. Lakini zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, pande za Kolwezi na Likasi, ambako Kiswahili ni lugha ya soko, na vumbi lake hudhuru mapafu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Goodenough huyo huyo, akiwa Texas, alitangaza pamoja na wenzake mwaka wa 1997 betri ya fosfati ya chuma, isiyo na kobalti wala nikeli. Fosfati hiyo ilipitisha umeme kwa shida. Wataalamu wakaifanya chembe ndogo sana, wakaivika kaboni. Kufikia mwaka wa 2024 betri za namna hiyo zilikuwa karibu nusu ya betri za magari ya umeme duniani.

Kazi haijaisha. Chumvi iliyomo katika majimaji ya betri ina florini, na ikikutana na maji huzaa tindikali kali. Viwandani, unga wa upande hasi huchanganywa kwa maji. Ule wa upande chanya, mara nyingi, kwa kiyeyushi kinachodhuru mimba.

Basi sumu katika betri si majaaliwa. Ni uchaguzi wa msanifu, na kilichochaguliwa chaweza kuchaguliwa upya.