Rhapta, Mji Uliopewa Jina la Mashua

Ukishuka ufukwe wa Kunduchi, karibu na soko la samaki, utakuta madema. Ni mitego ya kusukwa kama kikapu, samaki anaingia kirahisi lakini hana pa kutokea. Nimeyapita miaka mingi bila kuyatazama, kama mtu anavyopita nguzo ya umeme. Nilianza kuyatazama baada ya kusoma Periplus.

Periplus ya Bahari ya Eritrea ni kijitabu cha Kigiriki cha karne ya 1. Mwandishi hajulikani jina, ila anaonekana kuwa mfanyabiashara wa Misri, na anaandika kifanyabiashara: bandari gani, unapeleka nini, unarudi na nini. Kwenye pwani yetu, anayoiita Azania, anafika kisiwa cha Menouthias. Huko, anasema, watu wana mitumbwi na mashua za kushonwa, na badala ya nyavu wanavua kwa vikapu vya kusuka wanavyovitega kwenye mikondo ya maji. Nilisoma hapo mara mbili. Dema hilo, jamani!

Mwendo wa siku mbili kutoka kisiwani ndipo ulipo mji wenyewe, soko la mwisho la Azania: Rhapta. Zinatoka pembe za ndovu kwa wingi, pembe za faru na magamba ya kasa. Zinaingia shoka, visu, vyombo vya kioo, na mikuki iliyofuliwa makusudi kwa soko hili huko Muza, bandari ya Yemeni. Halafu kuna divai na ngano, ambazo hazikuletwa kuuzwa. Zililetwa kuwafurahisha wenyeji. Sisi tungesema takrima.

Karne moja baadaye, Ptolemy wa Alexandria anauita mji mkuu, anauweka kando ya mto, mbali kidogo na bahari. Baada ya hapo, kimya. Ndiyo maana wengine wanauongelea Rhapta kama mji wa hadithi.

Mto upi sasa? Wapo waliosema Pangani, na wapo waliousogeza hadi jirani na hapa Dar es Salaam. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameupigania Rufiji kwa miaka mingi, na mwaka 1999 alichapisha habari za shanga za Kirumi zilizopatikana upande huo. Mimi namuunga mkono, japo sababu yangu si ya kitaalamu. Yeyote aliyewahi kuiona delta ya Rufiji, mikoko isiyoisha na mikondo inayohama, anajua mji wa miti na udongo unavyoweza kumezwa pale bila kuacha hata kizingiti. Tatizo letu ni kwamba tumezoeshwa na Kilwa. Tukisikia mji wa kale tunatafuta mawe.

Lakini kinachonikera mimi ni jina, wala si ramani. Rhapta linatokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu ya zile mashua, ambazo mbao zake zilifungwa kwa kamba bila msumari. Ujuzi huo haukufa upesi: mitepe ya kushonwa iliendelea kusafiri upande wa Lamu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo mgeni aliona vyombo bandarini, akaupa mji jina la vyombo. Ni sawa na mtu ashuke Kariakoo, aone bodaboda, aende kwao aandike kwamba amefika mji wa Pikipiki.

Kama mwandishi wa habari, hapo ningemrudishia makala yake. Bidhaa umezitaja vizuri, bwana, lakini wenyeji wenyewe wanapaitaje? Wa kuulizwa alikuwepo. Ni yeye mwenyewe anayetuambia kwamba manahodha wa Kiarabu waliotumwa kutoka Muza walizoeana na watu wa pwani hii, wakaoana nao, na lugha yao waliielewa.

Kwa hiyo yule nahodha alilijua jina. Alilisikia kwa mkewe, kwa wakwe zake, kwa watoto wake wakicheza kando ya mto wakati mashua zinapakiwa pembe.