Nani Kichekesho? Duka Lisilo na Mlango

Wahakiki wenzangu wakisikia vichekesho vya zama za Malkia Victoria (1837–1901) hukimbilia Dickens na mitaa ya London. Mimi nakwenda Manyoni. Misafara ya Unyanyembe ilipita Mdaburu, ikanunua chakula, kisha ikaingia Mgunda Mkali, nyika ya kiu. Duka la siku hizo halikuwa na mlango: robota likifunguliwa, duka ndilo hilo. Pesa ni merikani, kaniki na shanga. Shuka moja mikono minne, doti shuka mbili. Lakini mkono wa nani, bwana? Kipimo ni kiwiko mpaka ncha ya kidole. Basi mwenye mtama angemtaka mpimaji mrefu kama twiga, na mwenye kitambaa angemsukuma mbele kijana wake mfupi kuliko wote. Hapo mchezo wa kuigiza umeshaanza!

Richard Burton alipita huko 1857. Katika *The Lake Regions of Central Africa* (1860) anaorodhesha namna Waafrika walivyomkodolea macho: kwa kuchungulia, kwa dharau, kwa ulevi. Eti yeye ndiye mtazamaji! Mimi namwona kama bidhaa iliyotundikwa dirishani, na wateja hawanunui. Orodha inachekesha kweli, ila imeandikwa na bidhaa.

Carl Velten alichapisha *Safari za Wasuaheli* mwaka 1901, na humo sauti ya pwani ipo. Ya Mgogo aliyecheka pale kwenye robota haimo, na sijamwona mwenzetu anayesoma fasihi simulizi aliyepanda basi kwenda Mdaburu kuwauliza vitukuu vyake.