Mashine Ikikataa Kuwaka: Historia ya Mafundi wa Unix

Tom Van Vleck, mhandisi aliyeshiriki kuujenga mfumo endeshi wa Multics, amepata kusimulia mazungumzo yake na Dennis Ritchie wa Bell Labs. Alimweleza Ritchie kwamba karibu nusu ya msimbo aliokuwa akiuandika ulikuwa wa kupambana na makosa: hiki kikiharibika mfumo ufanye nini, kile kikigoma uendelee vipi. Ritchie akamjibu kwamba wao kwenye mfumo wao wa Unix mambo hayo waliyaacha yote. Kosa kubwa likitokea, kiini cha mfumo huita kipande kidogo cha programu kiitwacho panic, mashine husimama, na mtu hupaza sauti kwenye korido ili aliye karibu nayo aiwashe upya.

Waasisi wa Unix walitaka mfumo mdogo ambao mtu mmoja angeweza kuusoma wote na kuuelewa. Gharama yake ilikuwa hiyo. Mzigo wa matengenezo ulitoka kwenye msimbo ukahamia kwa binadamu, na hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya kufufua mashine za Unix, kazi ambayo wenye seva za zamani wanaifanya hadi leo.

Ken Thompson, mwenzake Ritchie, aliiandika Unix ya kwanza mwaka 1969 huko Murray Hill, New Jersey, kwenye kompyuta ya PDP-7. Mwaka uliofuata Bell Labs ilinunua PDP-11. Kompyuta ilifika mapema, diski yake ikachelewa hadi Desemba, na bila diski Unix haikuwa na pa kukaa. Kwa miezi mitatu hivi mashine hiyo ikawa inahesabu njia ambazo farasi wa sataranji anaweza kupita kwenye ubao wa miraba 6 kwa 8 na kurudi alipoanzia. Hakuna mfano bora wa kuonyesha jinsi mfumo huu ulivyoitegemea diski tangu mwanzo, na ndiyo maana maradhi yake mengi ya kutowaka yanaanzia huko.

Toleo la 6, lililotoka mwaka 1975, ndilo lililoisambaza Unix vyuoni. Kuliwasha kulihitaji mkono. Mashine ambayo haikuwa na chipu ya kuanzia, fundi aliilisha maelekezo ya kwanza kwa swichi za usoni pake, namba moja baada ya nyingine, kwa hesabu ya msingi wa nane. Maelekezo hayo yalisoma kipande cha mwanzo kabisa cha diski na kukiweka kwenye kumbukumbu. Kikianza kufanya kazi, kilichapa alama moja tu: @. Fundi akaandika jina la kiini, kwa kawaida unix, na mfumo ukapanda. Kama swichi zilikuwa zimewekwa kwenye 173030, Unix iliwaka katika hali ya mtumiaji mmoja, milango mingine yote ikiwa imefungwa, ili diski ikaguliwe kwa utulivu.

Kila hatua ilikuwa na dalili yake. Alama ya @ isipotokea, kosa liko kwenye diski yenyewe, kwenye waya zake au kwenye kipande cha mwanzo. Ikitokea lakini kiini kisipatikane, basi mfumo wa faili umeumia. Kiini kikipanda kisha kikafa, shaka inahamia kwenye vifaa. Mafundi walijifunza kuuliza swali moja kabla ya kugusa chochote: imefika wapi? Swali hilo halijazeeka.

AT&T, mmiliki wa Bell Labs, haikutoa msaada wowote kwa wateja hao wa vyuo. Makubaliano yake ya mwaka 1956 na serikali ya Marekani yaliizuia kufanya biashara nje ya mambo ya simu, hivyo ilituma kanda na msimbo, basi. Aliyekwama alimwuliza mwenzake wa chuo kingine. Ujuzi ulienea kwa barua, kwa simu na kwenye mikutano ya watumiaji.

Adui mkubwa alikuwa umeme kukatika ghafla. Unix haikuandika kila badiliko kwenye diski papo hapo. Ililiweka kwanza kwenye kumbukumbu, na programu iitwayo update ikayamwaga yote diskini kila baada ya sekunde 30. Mashine ikianguka katikati, diski inabaki na hadithi mbili zisizopatana. Ndiyo asili ya desturi ya kuandika amri ya sync mara tatu kabla ya kuzima: amri hiyo huagiza uandishi na kurudi hata kama uandishi haujamalizika, na kuichapa mara tatu kuliipa diski muda.

Kusuluhisha hadithi hizo kulikuwa kazi ya zana mbili. Icheck ilihakikisha kwamba kila kipande cha diski kina mwenyewe mmoja au kiko huru. Dcheck ililinganisha saraka na hesabu ya majina ya kila faili. Zilionyesha ugonjwa, lakini sehemu kubwa ya tiba ilibaki kwa mtu, na kukosea namba moja kulitosha kufuta kazi za watu wasio na habari. Baadaye Ted Kowalski wa Bell Labs akaandika fsck, iliyokagua na kukarabati kwa awamu. Faili zilizopoteza majina iliziweka kwenye saraka ya lost+found, kama mizigo isiyo na mwenyewe inavyowekwa kwenye ofisi ya stendi. Ikishaukarabati mfumo mkuu wa faili, fsck ilitoa onyo kwa herufi kubwa: washa upya bila sync. Sababu ni kwamba kumbukumbu bado ina nakala mbovu ya zamani, na sync ingeirudisha juu ya kile kilichotengenezwa. Fundi mwenye mazoea ya kuchapa sync mara tatu alipaswa hapo auzuie mkono wake.

Mwaka 1980 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa 4BSD, toleo lake la Unix, na ndani yake mashine ikaweza kujiwasha yenyewe baada ya kuanguka. Kelele za korido zikaanza kupungua. Mfumo mpya wa faili wa Berkeley, uliokuja na 4.2BSD mwaka 1983, ulitawanya nakala za bloku kuu, yenye maelezo ya mfumo mzima wa faili, sehemu mbalimbali za diski, na nakala moja ilikuwa daima kwenye bloku ya 32. Nakala hiyo imeokoa seva nyingi mno.

Kisha zikaja mashine za kampuni ya Sun. SPARCstation 1 ya mwaka 1989 ilikuwa na OpenBoot, programu ya kuwashia iliyobuniwa na Mitch Bradley kwa lugha ya Forth. Fundi akibonyeza vitufe vya Stop na A, skrini inamwonyesha neno ok, na hapo anaweza kuziorodhesha diski kwa probe-scsi au kuwasha kutoka CD. Ilikuwa hatua kubwa: mashine iliyokwama sasa ilihojiwa ikajibu.

Lakini Sun ilipanda mbegu ya tatizo jingine. Namba ya utambulisho wa mashine, anwani yake ya mtandao na mipangilio ya kuwashia vilikaa kwenye chipu ya M48T02, yenye betri ya lithiamu iliyozibwa ndani ya plastiki. Betri hiyo ilitegemewa kudumu miaka 10 hivi. Ikifa, mashine hulalamika kwamba utambulisho wake si halali, na mara nyingi huanza kutafuta mfumo kwenye mtandao huku diski yake nzima iko palepale. Wengi wameitupa diski isiyo na kosa. Wajuzi hukata plastiki kwa uangalifu, huunga betri ya volti 3, kisha huandika upya anwani kwenye ok, ikianza na 08:00:20, namba za Sun.

Ufundi huu umefufua hata Unix ya kwanza kabisa. Norman Wilson alikuwa amehifadhi karatasi za msimbo wa PDP-7. Mwaka 2016 Warren Toomey na wenzake waliziandika upya na kuzifanya ziwake, na mwaka 2019 PDP-7 halisi iliiwasha Unix hiyo huko Seattle, kwenye jumba la makumbusho lililoanzishwa na Paul Allen. Diski ya aina ya zamani haikupatikana, wakaunda kifaa cha kuiiga.

Anayetunza seva ya namna hii ana kazi tatu za kufanya ingali inawaka: anakili namba zake za utambulisho kwenye karatasi, abadilishe betri, na atoe nakala ya diski nzima. Ikishagoma, nakala ya diski itangulie, fsck ifuate.